Riwaya Iliyofungiwa Vitumbua

Mume wangu alipotangaza kwamba anatafuta mtu wa London wa kumpa asilimia 15 ya fedha ambazo hana, mama yake alikuwa uani anageuza vitumbua, wala hakuinua uso. "Akishampata," alisema, "amwulize na habari ya bati la jikoni."

Chanzo chake ni shemeji. Shemeji yangu anaishi Leicester, na kila akipiga simu Jumapili huiachia nyumba hii kazi mpya. Ni yeye aliyetuingiza kwenye kware, na harufu ya lile banda majirani hawajaisahau. Safari hii aliambiwa kwamba kaka yake amemaliza riwaya. Hakumpa hongera. Alimwuliza, "Una wakala?"

Akatueleza, simu ikiwa imewekwa sauti ya juu katikati ya sebule. Kule mwandishi haendi kugonga mlango wa mchapishaji mwenyewe. Kampuni kubwa nyingi hazipokei mswada uliojileta; lazima uingie kwa mkono wa wakala wa fasihi. Huyo ndiye anayeusoma, anayekuambia pabovu ni wapi, anayechagua mhariri wa kumpelekea, anayebishania bei na kuchambua mkataba. Akiuza, anakata asilimia 15 yake. Akiuza haki za tafsiri nchi nyingine, mara nyingi ni 20. Asipouza halambi kitu. Wala si kazi ya jana, maana Mskoti mmoja, A. P. Watt, alikuwa akiifanya London tangu miaka ya 1870.

Mimi nilidhani mume wangu atacheka. Nilisahau kwamba ni karani wa bandari. Miaka yote ameishi akiona kontena zikikaa juani mpaka wakala wa forodha aje na makaratasi yake, kwa hiyo jambo hili lilimwingia lote kwa pigo moja. "Mzigo ni mzigo," alisema. "Mimi nimeandika, nimefunga, lakini sina wa kunitolea."

Huku kwetu mwandishi hujitolea mwenyewe. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga, *Kusadikika* yake ilitoka London mwaka 1951, na wakala wake alikuwa posta. Ben Mtobwa alianzisha kampuni yake ya kuchapa, Heko, akamaliza maneno. Wengine huchukua mswada kwapani wakapanda basi la Dar es Salaam. Na mchapishaji wa leo, akikuona na riwaya nene, swali lake la kwanza ni kidato gani kitaisoma. Simlaumu. Vitabu vya shule ndivyo vinavyowalipa wahariri wake mishahara. Riwaya ni sadaka anayoitoa akishiba.

Riwaya yenyewe inaitwa *Kipande*. Ni habari ya kijana wa Songea anayeletwa na SILABU, ile ofisi ya kuandikisha manamba iliyoundwa mwaka 1944, hadi shamba la mkonge upande wa Muheza. Anampenda binti wa nyapara, nyapara anakutwa amekufa kwenye korona, na mashine ile ya kusaga mkonge haiachi ushahidi mwingi. Ni hadithi nzuri. Nasema hivyo nami si mtu wa kumsifu mume mbele za watu. Taabu ni kwamba ilikuwa na maneno laki mbili na zaidi, na shemeji alikwisha kutuambia kwamba kule riwaya ya kwanza hutakiwa iwe baina ya elfu 80 na laki moja. Nusu ya kitabu ilikuwa haina budi kuondoka.

Hawezi kupunguza kwenye kioo cha kompyuta, alisema. Lazima aone karatasi. Akaenda steshenari akaprinti yote jinsi mawakala wanavyoagiza: herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, upande mmoja tu wa karatasi. Zikaja kurasa mia nane na kitu, kwenye toroli. Fedha iliyolipa ni ile iliyokuwa imewekwa kando kwa ajili ya bati la jikoni.

Kuanzia hapo sebule haikuwa yetu tena. Sura arobaini na moja zilitandazwa juu ya mkeka, kila moja na kizito chake juu ili feni isiirushe: kufuli, pasi ya mkaa, kinu kidogo cha iliki, na juu ya sura za katikati, zilizo nene kuliko zote, mbuzi ya kukunia nazi. Watoto walipita wameshikilia ukuta. Mgeni aliyekuja kutuletea kadi ya harusi alikaribishwa kuketi kibarazani, mvua ikinyesha.

Kazi ikaanza, na nikajifunza kwamba mwandishi kupunguza maneno yake ni jambo la msiba. Alikuwa na mafungu mawili. La kwanza aliliita Zinazobaki. La pili ungetarajia liitwe Zinazotoka. Yeye aliliita Zinazosubiri. Usiku nilimsikia akiamka kwenda kuurudisha ukurasa fulani wa Zinazosubiri kwa wenzake.

Ugomvi mkubwa ulikuwa sura za mwanzo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Ikapitia Hamburg, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani, na mkonge wote tuliokuja kuuona mkoa huu umeanzia hapo. Ni habari ya kushangaza, na mtu mwenye kiasi angeimaliza kwa aya mbili. Mume wangu aliipa sura tatu. Meli ilikuwa na sura yake. Miche iliyokufa ilililiwa, na ile 62 iliyonusurika nusura kila mmoja apewe jina.

"Baba Mwanaidi," nilimwambia, "huyo kijana wa Songea anatokea ukurasa wa ngapi?"

"Tisini na nne."

"Na hao mawakala wanataka uwatumie kurasa ngapi?"

Akanyamaza. Alikuwa anajua. Wakala wa Uingereza kwa kawaida huomba barua ya kujitambulisha, muhtasari, na sura tatu za mwanzo, basi. Katika sura zake tatu za mwanzo hakuna Mwafrika aliyezaliwa.

Akasema bila Hindorf msomaji hataelewa. Nikamwambia msomaji ameishi Tanga, mkonge anaujua. Akasema wakala haishi Tanga. Hapo alinishinda, na tukalala kila mtu na upande wake wa kitanda.

Katikati ya vita hivyo akajitokeza wakala. Namna walivyokutana sikuambiwa vizuri. Ninachojua ni kwamba mume wangu alimtumia mswada wote mchana, na kabla ya magharibi jibu lilikuwa limerudi. Kazi ya kipekee. Sauti mpya ya Afrika. Hollywood ilitajwa. Kilichobaki ni ada ndogo ya kusomewa na kuhaririwa, dola 350, ambayo kwa kumrahisishia angeituma kwa simu kwa mwakilishi wao wa Afrika Mashariki, na namba ikaambatanishwa.

Asubuhi Baba Mwanaidi alivaa shati la kazini akaenda kibandani kwa binti anayetoa na kutuma pesa, yule anayekaa chini ya mwavuli karibu na kituo cha bajaji. Binti akaandika namba, jina likatokea, akaitua simu mezani.

"Baba, unamjua huyu?"

"Ni ofisi ya London."

"Hili jina wiki iliyopita mama mmoja kalitumia ada ya kazi ya Dubai. Amekuja kulia hapa hapa ulipokaa."

Alirudi nyumbani bila kusema neno, akavua shati la kazini, akalivaa tena, akaenda kazini. Jioni shemeji aliposikia alipandwa na hasira za Leicester nzima. Wakala wa kweli, alisema, haombi hata senti ya kusoma. Vyama vyao, vya Uingereza na vya Marekani, vinawakataza wanachama kutoza ada hiyo. Anakula baada ya wewe kula. Ukiona anataka kula kwanza, mkimbie. Mama mkwe alisema hilo hata kijumbe wa upatu analijua, na halihitaji kupiga simu Ulaya.

Sasa nije kwenye asubuhi ya vitumbua yenyewe.

Vitumbua vya mama mkwe vinajulikana Ngamiani yote: mchele wa kuloweka, tui zito, iliki isiyo na ubahili. Kwa miaka amevifungia kwenye magazeti ya zamani, lakini siku hizi watu husoma habari kwenye simu, na gazeti kuukuu limekuwa adimu kuliko unga wa ngano mwezi wa Ramadhani. Asubuhi hiyo magazeti yalikuwa yamekwisha. Vilevile alihitaji mbuzi yake ya nazi, maana kwa siku kadhaa alikuwa akiazima ya jirani kwa aibu. Akaingia sebuleni, akaiona, akaiinua. Chini yake pamekaa bunda la karatasi nene, safi, nyeupe kabisa kwa nyuma.

"Nilidhani umeniwekea," ndivyo alivyomwambia mwanawe baadaye, na mpaka leo hajabadilisha ushahidi.

Saa mbili asubuhi vitumbua vilikuwa vimekwisha, na sura ya kumi na saba mpaka ya kumi na tisa zilikuwa zimetawanyika kutoka Barabara ya 8 hadi kituo cha mabasi. Maandishi yalikuwamo kwenye flashi, hilo nashukuru. Kilichokwenda ni masahihisho ya kalamu, kazi ya majuma.

Sijawahi kumwona mume wangu akipaza sauti mbele ya mama yake isipokuwa siku ile. Akatuletea habari ya Thomas Carlyle. Mwaka 1835, London, Carlyle alimwazima rafiki yake John Stuart Mill mswada wa buku la kwanza la historia ya Mapinduzi ya Ufaransa, na mtumishi wa nyumba akadhani ni karatasi za kutupa. Carlyle ikambidi akae aandike upya tangu mwanzo.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. "Huyo mtumishi alifungia nini?"

"Hakufungia kitu, mama. Aliwashia moto!"

"Basi huyo hakuwa na adabu. Zangu zimesomwa."

Na kweli zilikuwa zimesomwa. Kesho yake, kabla chuma hakijapata moto, alikuja mama ntilie wa jirani kuuliza kama nyapara kafa au kajificha. Nyuma yake kijana wa bodaboda alikuwa na ukurasa wa 412 uliolowa mafuta, anautaka wa 413. Wa 413 alikuwa nao fundi cherehani, ambaye hakukubali kuutoa mpaka apewe wa 409. Pale kibarazani kwetu pakazuka soko. Watu walinunua vitumbua vitatu badala ya viwili wakitumaini karatasi ya pili. Mama mkwe, ambaye hajasoma riwaya tangu azaliwe, alijua mara moja amekalia nini, akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama zipo nyingine.

Zipo nyingine. Nilimpa fungu la Zinazosubiri, lililokuwa na Hindorf, meli na miche.

Baba Mwanaidi aliomba ruhusa kazini, akakaa kibarazani na kikombe cha chai, akisubiri. Watu walipokea vitumbua vyao. Walitupa jicho kwenye karatasi. Wakala. Wakajifutia mikono. Mtoto mmoja wa shule alirudi, mume wangu akanyanyuka nusu kwenye kiti, lakini alikuwa amesahau chenji yake.

Hakusema lolote. Usiku ule alizifuta zile sura tatu kwenye kompyuta, na kijana wa Songea akapandishwa hadi ukurasa wa kwanza, akiwa ndani ya lori, amelala juu ya bega la mtu asiyemjua. Sidhani kama kuna wakala duniani angemfikisha hapo kwa barua.

Nilidhani tumemaliza. Lakini wiki ile ile akaja babu mmoja wa Barabara ya 12, fimbo mkono huu, ukurasa mkono huu. Umri wake umepita themanini na macho yamechoka. Mjukuu wake ndiye aliyemsomea. Tukamwamkia shikamoo, hakuitikia kwanza. Akauliza:

"Nani kaandika uongo huu?"

Mume wangu akajitaja.

"Umekata mkonge wapi?"

Hakuwahi. Baba yake alikuwa nahodha wa jahazi.

Babu akaketi, akaelezea, nami sijapata kusikia somo kama lile. Msuko wote wa *Kipande* ulisimama juu ya usiku mmoja wa mwisho wa mwezi: mshahara umetoka, shamba zima limelewa, kambi tupu, nyapara peke yake kwenye korona. Babu akasema usiku wa namna hiyo haukuwapo. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30, na siku 30 hizo ni za kazi, si za kalenda. Umeugua, haiandikwi. Hukumaliza kiwango chako, haiandikwi. Kadi ya siku 30 inaweza kukupeleka wiki sita. Ikijaa, ndipo unapolipwa, wewe na kadi yako. Mwenzako kitanda cha pili ana siku kumi bado, hana hata ya sigara. "Sasa hao waliolewa wote siku moja," babu aliuliza, "walilewa kwa pesa ya nani?"

Mwanaume ameandika riwaya inaitwa *Kipande*, na kipande hakijui. Nilitoka nikaenda uani ili nisionekane uso.

Alinuna siku mbili. Ya tatu nilimkuta ameamka alfajiri, anaandika kwa mkono, hajanywa hata maji. Kama usiku ule karibu hakuna aliyelipwa, basi yeyote aliyekutwa na fedha mfukoni ana la kujieleza. Na mtu pekee ambaye kadi yake ilijaa siku hiyo ni yule ambaye kijana wa Songea alilala kwenye bega lake ndani ya lori, ukurasa wa kwanza. Muuaji hakuwa amejulikana hata na mwandishi mpaka babu alipokuja na fimbo. Sehemu yote ya katikati ikabomolewa na kuandikwa upya, na babu akawa anakuja kila asubuhi kusomewa. Vitumbua vyake halipi. Mama mkwe amejaribu kulalamika, mwanawe akamwambia huyo ndiye mhariri, na mhariri hula.

Mambo ya barua yalikwisha upesi. Muhtasari ulitakiwa uwe ukurasa mmoja, pamoja na mwisho wa hadithi, maana wakala hapendi kufichwa muuaji ni nani. Baba Mwanaidi aliandika kurasa sita. Aliyemwokoa ni yule kijana wa bodaboda, ambaye alikuwa akiwasimulia abiria *Kipande* yote kutoka Ngamiani hadi Raskazone na kufika mwisho kabla ya kituo. Mume wangu alipanda nyuma yake, akarekodi kwa simu, akarudi akaandika alivyosikia. Shemeji akavitia barua na muhtasari katika Kiingereza, vikapelekwa London kwa mawakala aliowachagua mmoja mmoja.

Wengi hawakujibu. Mmoja alijibu kwa heshima nyingi: hadithi imemvutia, lakini hasomi Kiswahili, wala wahariri anaowauzia, kukiwa na tafsiri kamili angefurahi kuiona. Tafsiri ya riwaya nzima, kwa mtu anayeiweza, ni fedha ya kujenga jiko jipya, sembuse bati lake. Nikamkumbusha mume wangu kwamba *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah ilitoka mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis alipoileta kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi* ilikuwa 2022, mwandishi akiwa tayari ana Nobel. Kama Mzanzibari huyo amesubiri miaka 28 kurudi nyumbani, karani wa Tanga asichukie kusubiri meli ya kwenda.

Kwa hiyo mswada umeelekezwa huku. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, mshindi wa kwanza wa riwaya akipata shilingi milioni 10. Kuna na ile ya Safal-Cornell iliyoanzishwa mwaka 2014, ambayo hupokea miswada isiyochapwa, na ambayo zamani ilijulikana kama Mabati-Cornell kwa kuwa wafadhili wake wanatengeneza mabati. Jambo hili la mwisho nililisoma kwa sauti mezani. Mama mkwe aliacha kula.

"Hao," alisema, "wanaweza kulipa moja kwa moja kwa mabati? Geji 28, mimi sina haja ya fedha."

Mwanawe akamwambia kwamba kwanza itabidi washinde. Na kwamba wakati wanasubiri majibu ameanza kitabu cha pili, habari za bandari, ambazo hizo anazijua mwenyewe na hakuna mzee atakayemjia na fimbo. Ataprinti mwisho wa mwezi, akaongeza akinitazama mimi, pande zote mbili za karatasi, kuokoa fedha.

"Upande mmoja," alisema mama yake. "Wino ukiwa pande zote unaingia kwenye kitumbua."